Wateja wa Saa Nane

Jamhuri ya Mbioni haipo kwenye ramani, na ukiiulizia ofisi ya ramani utaambiwa ramani mpya iko mbioni. Ndivyo nchi ilivyopata jina. Barabara iko mbioni, maji yako mbioni, dawa ziko mbioni, na waliokwenda kuuliza hivyo vyote vimefika wapi waliambiwa wakae wasubiri, majibu yako mbioni. Wananchi wake hawana neno. Wamezoea kusubiri, na mtu anayesubiri anahitaji kiti, ndiyo maana biashara ya Bi Siwatu haikuwahi kukosa wateja.

Bi Siwatu alikuwa anakodisha vyombo vya shughuli. Alikuwa na viti mia tatu vya plastiki, masufuria makubwa sita, masinia, mabirika, maturubai mawili na vijiko mia nne, vyote ndani ya stoo moja Mtaa wa Mnada, yenye kibao kilichoandikwa SHUGHULI NI WATU. Ukimwoza binti, unakwenda kwa Bi Siwatu. Ukifiwa, hujamaliza hata kulia na ndugu yako mmoja ameshafika kwa Bi Siwatu kuulizia turubai.

Sasa, kazi ya kukodisha vijiko haimwachi mtu akiwaamini binadamu. Mtu anakuja msibani na majonzi yake, analia kweli, anakula kweli, na akiondoka anaondoka na kijiko. Kwa hiyo Bi Siwatu alikuwa ametia kila chombo chake vidoa vitatu vya rangi nyekundu upande wa chini. Alivihesabu vikitoka, akavihesabu vikirudi, akavihesabu tena waliovirudisha wakishaondoka. Yote aliyaandika kwenye daftari lake jeusi: nani kachukua nini, kwa shughuli gani, na kama uso wake ulikuwa wa mtu mwenye shughuli. Mtu pekee aliyemwamini ni Ndimbo, msukuma mkokoteni wake wa miaka kumi na moja, na hata huyo alimwamini zaidi akiwa anamwona.

Basi mwaka huo Wizara ya Mabadiliko ikatangaza kwamba biashara ndogo na za kati zitabadilishwa. Watu wakauliza zitabadilishwa ziwe nini. Wizara ikajibu kwamba zitakuwa za kidijitali, na kwamba jambo lenyewe haliumi.

Aliyeletwa Mtaa wa Mnada kusimamia kutokuuma huko aliitwa Afisa Magesa. Alivaa suti ya kijivu, na shingoni alining'iniza kitambulisho chenye picha yake akiwa ndani ya suti hiyo hiyo. Aliwakusanya wafanyabiashara, akawawekea hotuba ya Waziri kwenye spika. Waziri, Mheshimiwa Daktari Tangulia, alisema kwamba adui wa maendeleo si umaskini tena. Adui ni daftari. Alisema daftari linaficha, Mfumo unafichua. Daftari linachakaa, Mfumo unasasishwa. Daftari linakosea, Mfumo haukosei. Hapo pa kutokosea alipiga meza, na spika ikakoroma.

Halafu Magesa akafungua kishikwambi chake, wakaanza kujazwa fomu mmoja mmoja. Zamu ya Bi Siwatu ilipofika, swali la nne liliuliza anafungua saa ngapi. Akasema saa mbili. Magesa akabonyeza mbili. Anafunga saa ngapi? Saa kumi na mbili. Magesa akabonyeza kumi na mbili. Hapo naomba mnisikilize vizuri, maana hakuna aliyekosea. Mbioni yote, tangu enzi za mababu, jua likishapanda kidogo watu wakanywa chai ni saa mbili, na likizama ni saa kumi na mbili. Mtoto wa chekechea anajua. Aliyekuwa hajui ni Mfumo, ambao ulinunuliwa mbali.

Swali la saba likasema: WEKA NYWILA. Bi Siwatu akauliza nywila ndiyo nini.

Magesa akakitazama kishikwambi. Akatazama dari. Akawatazama wafanyabiashara, nao wakamtazama yeye, na ilikuwa dhahiri kwamba pale hakuna wa kumwambia kuwa ni neno la siri tu la kuingilia kwenye mashine. Akakohoa. Akasema nywila ni neno la kitaalamu, lakini kwa lugha nyepesi, kwa mwananchi wa kawaida, nywila ni ufunguo.

"Ufunguo wa nini?" akauliza Bi Siwatu.

"Wa biashara yako, mama. Bila ufunguo, Mfumo utaingiaje kwako?"

Bi Siwatu akataka kujua Mfumo unaingia kwake kutafuta nini. Magesa akasema mtu mwenye biashara safi hawezi kuuliza swali kama hilo, na akaandika kitu pembeni. Basi kila mtu akaagizwa alete ufunguo wa akiba ndani ya bahasha ya kaki, jina lake juu. Kinyozi Chande alileta, wa duka la vitenge akaleta, wa mashine ya kusaga akaleta. Bi Siwatu alikaa na bahasha yake siku tatu mapajani. Roho haikumpa kabisa. Lakini leseni mpya ilikuwa haitolewi bila swali la saba, na bila leseni stoo inapigwa kufuli la halmashauri, kwa hiyo siku ya nne akaipeleka. Magesa aliutundika ufunguo huo kwenye ubao wa misumari ofisini, katikati ya wenzake, akamwambia sasa ameunganishwa.

*

Haikupita wiki. Asubuhi moja Bi Siwatu alikuta karatasi imebandikwa mlangoni: ONYO. BIASHARA HII ILIKAGULIWA SAA NANE USIKU IKAKUTWA IMEFUNGWA NDANI YA SAA ZAKE ZA KAZI. Alicheka, akadhani ni utani wa Chande. Siku hiyo hiyo, saa nane mchana, wakaja wakaguzi wawili na kumkuta anasugua sufuria. Wakaandika karatasi ya pili: amekutwa anaendesha biashara saa mbili baada ya muda wake wa kufunga, ambao ni saa sita mchana.

Akawaambia wanangu, mimi nafunga jua likizama. Wakamwonyesha kishikwambi. Pale paliandikwa kwamba SHUGHULI NI WATU hufunguliwa saa nane usiku na kufungwa saa sita mchana, na juu yake kulikuwa na alama ya kijani ya kuthibitisha. Bi Siwatu akahesabu vidole, akahesabu tena, na akaelewa. Mbili yake ilikuwa imeingia kwenye mashine ikatokea upande wa pili ikiwa usiku wa manane. Kwa hesabu hiyo, kuanzia saa mbili asubuhi hadi saa sita mchana alikuwa raia mwema. Muda uliobaki wote alikuwa mhalifu, kwa sababu ama alikuwa amelala au alikuwa anafanya kazi.

Akaomba miadi ya kurekebisha. Mfumo ukamjibu kwa simu kwamba afike ofisini saa tatu. Akafika saa tatu asubuhi, kajitanda kanga yake mpya. Mlinzi wa getini akamwambia saa tatu ya Mfumo ni saa tisa alasiri, arudi baadaye. Akarudi saa tisa. Afisa Magesa akamwambia kwa masikitiko kwamba alimsubiri asubuhi nzima.

"Mlinzi kanizuia, kasema saa tatu yenu ni saa tisa."

"Saa tatu ya Mfumo ni saa tisa. Lakini mimi ni mtu, mama. Saa tatu yangu ni saa tatu."

Bi Siwatu akaeleza taratibu, kwa adabu zote alizofundishwa na mama yake, kwamba yeye hafungui usiku. Hajawahi. Mtaa mzima unajua, na Bwana Afisa mwenyewe ameshapita kwake asubuhi akamkuta ndio kwanza anafungua mlango.

"Nilikukuta," akasema Magesa. "Lakini kukukuta si ushahidi. Ushahidi ni rekodi."

"Basi rekodi imekosea."

Magesa akainuka akafunga dirisha. Akarudi, akakaa, akaongea kwa sauti ndogo, kwa huruma ya kweli. Alimweleza kwamba sentensi hiyo asiirudie mahali penye watu. Mfumo haukosei, Waziri ameshasema na spika ilisikika. Kwa hiyo kama Mfumo unasema anafungua saa nane usiku na yeye anasema hafungui, kuna mmoja anaficha kitu, na hawezi kuwa Mfumo.

*

Ukurasa wa kwanza wa orodha ya biashara za usiku ulibandikwa ukutani sokoni, kwa ajili ya uwazi; kurasa nyingine zilikuwa mbioni. Hapo ndipo Bi Siwatu alipoanza kuumia.

Watu walisoma jina lake wakanyamaza. Wakaenda nyumbani wakafikiri. Mwenye baa akifungua saa nane usiku, hilo linaeleweka. Lakini viti mia tatu? Masufuria makubwa sita? Ni shughuli gani hiyo ya saa nane usiku inayohitaji viti na masufuria, na wanaokaa juu ya viti hivyo ni akina nani? Mwanamke mmoja akakumbusha kwamba mwenye stoo jina lake ni Siwatu, na kwamba huenda watu wamekuwa wakilisikia jina hilo miaka yote bila kulisikiliza. Siwatu. Si watu. Yaani wateja wake. Bibi aliyempa jina hilo alikuwa amechoshwa na majirani zake tu, lakini alishakufa na hakuna aliyekwenda kumuuliza.

Kuanzia siku hiyo waliopita mbele ya stoo walipita upande wa pili wa barabara. Msiba wa Kichangani walikalia matofali. Hitima ya kwa Mzee Bungara wakaazima masufuria shule ya msingi, yenye harufu ya uji. Kwa Bi Siwatu simu haikulia siku tisa.

Na kilichomkondesha zaidi, hakukisema kwa mtu. Vitu stooni vilikuwa haviko sawa. Vijiko, ambavyo havikutoka kwenda kokote, vilikuwa vinapungua. Kwanza mia tatu tisini na saba. Halafu mia tatu tisini na moja, halafu mia tatu themanini na nane. Kufuli liko zima, mlango mzima. Sufuria kubwa kuliko yote, lile ambalo mpini wake mmoja ulikatika ukachomelewa vibaya na kuliacha linaelemea kushoto, aliliacha limesuguliwa linameta. Asubuhi akalikuta na masizi. Akaingiza kidole ndani, akatoa punje ya wali. Akainusa. Iliki.

Alikaa juu ya kiti chake mwenyewe akaogopa. Kwa mara ya kwanza alijiuliza kama orodha ile inasema kweli, kama pengine usiku anainuka bila kujijua akaja kufungua. Wazo hilo lilimtisha mno, akalitafutia mtu wa kulibeba, na aliyekuwa karibu ni Ndimbo. Alimtazama siku mbili. Siku ya tatu akamwomba ufunguo wake wa stoo, akisema anataka kuchonga mwingine. Ndimbo alitoa ufunguo, akauweka mezani, akaugeuza mkokoteni wake akaenda kubeba viazi kwa watu wengine.

Jumatatu iliyofuata akaja Mzee Shomvi. Huyu alikuwa anamwoza binti yake wa mwisho Jumamosi ya mwisho wa mwezi. Alikuwa ameshaagiza vyombo vyote, viti mia tatu na masufuria sita, shughuli kubwa kuliko zote mwaka ule. Mtaa wa Mnada ulikuwa unaangalia atafanya nini: Shomvi akipikia kwenye masufuria yale, watu wangekula na maneno yangeisha. Shomvi akikataa, hakuna mtu mwingine ambaye angeyagusa, na Bi Siwatu angeuza stoo.

Mzee Shomvi hakukaa. Alisimama mlangoni, kofia mkononi, akatazama chini.

"Mimi siamini, Bi Siwatu. Lakini wakwe wameuliza."

"Wameuliza nini, Mzee Shomvi?"

"Wameuliza kabla yao nani alikula kwenye masufuria hayo."

Alimwombea kheri akaondoka, na Bi Siwatu akaingia ndani akalia kimyakimya nyuma ya turubai.

*

Wiki hiyo Waziri Tangulia alihutubia taifa. Alikuwa na furaha isiyo kifani. Alisema takwimu za Mfumo zimeonyesha maajabu: biashara ndogo tisa katika kila kumi nchini Mbioni hufunguliwa saa nane usiku. Hakuna nchi duniani iliyofika hapo. Wakati mataifa makubwa yamelala, alisema, Mwanambioni amesimama kwenye kaunta yake. Akautangaza huo kuwa Uchumi Usiolala, akawapongeza wafanyabiashara kwa uzalendo wao, na akaonya kwamba yeyote atakayesema hafungui usiku anahujumu takwimu.

Bi Siwatu alisikiliza kwenye redio ya kinyozi Chande. Chande akazima redio, akachungulia nje, akarudi. Kwa aibu kubwa akamwambia kwamba hata yeye yumo. Mfumo unasema ananyoa kuanzia saa nane usiku. Alikuwa amenyamaza kwa sababu alidhani ni Bi Siwatu na yeye tu, na mke wake ameacha kuzungumza naye, anataka kujua hao anaowanyoa saa hizo ni vichwa vya nani. Wa vitenge naye yumo. Wa mashine yumo. Kila mmoja alikuwa amekaa na karatasi zake za onyo chini ya godoro akimshuku jirani.

"Na vitu vyako dukani," akauliza Bi Siwatu, "viko sawa?"

Chande akasema sabuni yake ya ndevu inaisha upesi mno.

Siku ya pili Mfumo ukamwandikia tena. BIASHARA YA USIKU ISIYO NA WATEJA WA USIKU INATILIWA SHAKA. TAJA WATEJA WATATU NDANI YA SAA ISHIRINI NA NNE AU LESENI ITAFUTWA. Bi Siwatu aliusoma ujumbe huo mara nne. Hofu yote ya mwezi mzima ilimtoka, ikaingia hasira safi. Kumbe wanataka majina. Haya. Akavaa miwani, akaandika kwa kidole kimoja, herufi moja moja. Mteja wa kwanza: Afisa Magesa. Mteja wa pili: Mheshimiwa Daktari Tangulia, Waziri. Wa tatu akakosa wa kumwandika, akafikiri kidogo, akaandika: Mfumo.

Alikuwa anaongopa, na alijua anaongopa. Alitaka tu waonje kidogo. Mfumo ukafikiri sekunde mbili, ukaweka alama ya kijani, ukamshukuru kwa ushirikiano.

Kesho yake, saa nne asubuhi, simu zote za Jamhuri ya Mbioni zililia kwa pamoja. Mfumo, ambao ulikuwa umepangwa kuwapongeza wateja wa mfano kila mwisho wa mwezi, ulikuwa unampongeza Waziri Tangulia kwa kukodi viti na masufuria ya Bi Siwatu wa Mtaa wa Mnada saa nane usiku. Nchi nzima ilisoma. Nchi nzima ikanyamaza kama soko lile lilivyonyamaza. Magesa alifika kwa Bi Siwatu jasho linamtoka, akamwambia Mheshimiwa atakuja mwenyewe Ijumaa kulitolea jambo hili ufafanuzi. Alisahau hata kuandika kitu pembeni.

*

Ijumaa Bi Siwatu aliamka akaoga. Alikuwa na hakika anakwenda kufungwa. Waziri angesema huyu mama ni mwongo, na angekuwa anasema kweli. Alivaa vizuri, akapita stooni kwanza kuaga vyombo vyake. Kufuli lilikuwa mahali pake. Akafungua.

Ndani mlikuwa mweupe. Hakikubaki hata kiti kimoja.

Alitoka anakimbia mpaka uwanja wa soko, na pale akasimama. Uwanja ulikuwa umepangwa viti safu kwa safu. Watu walikuwa wameshakaa: Chande, wa vitenge, Mzee Shomvi na wakwe zake, Ndimbo ameegemea mkokoteni wake kwa mbali. Bi Siwatu akainama kwenye kiti kitupu kilichokuwa karibu, akakipindua. Vidoa vitatu vyekundu. Akakirudisha, akakikalia. Hakuwa ameombwa na mtu. Kufuli lilikuwa zima, ufunguo wa Ndimbo alikuwa nao mwenyewe, na mwingine uliokuwapo duniani ni ule wa bahasha ya kaki.

Waziri Tangulia akapanda jukwaani. Alikuwa na usiku mgumu, mnajua. Angeweza kusema Mfumo umekosea, jambo likaisha. Lakini Mfumo haukosei, na ukikosea moja, basi Uchumi Usiolala nao umekosea, na nishani aliyopewa kwa ajili yake itabidi irudi. Akapima, akachagua.

"Ndugu wananchi," akasema, "Mfumo ukisema nilikuwepo, basi nilikuwepo."

Uwanja ukaguna. Waziri akapata nguvu. Alieleza kwamba serikali haiwezi kulala wakati wafanyabiashara wako macho. Timu ya ukaguzi inafika saa nane usiku kama kanuni inavyotaka, ufunguo imekabidhiwa kihalali, inamkosa mwenyewe, na kukagua ni kazi yenye njaa. Ndipo vikao vya tathmini vilipoanza kufanyika pale pale, ndani ya biashara husika, ili kuokoa muda. Yeye mwenyewe amehudhuria vinne. Wamekaa viti vya wananchi wa kawaida, wakanyoana ndevu kwa sabuni ya wananchi wa kawaida.

"Hakuna uchawi," akasema, na akacheka ili wacheke. "Ni pilau tu la kikazi. Na tumekula kwa kujinyima, maana sufuria lenyewe, lile la mpini wa kuchomelewa, linaelemea kushoto, mchuzi wote unakimbilia upande mmoja."

Magesa akapiga makofi peke yake, halafu akaacha.

Bi Siwatu alisikia masikio yanamwaka moto. Sufuria lile hakuwa ameliandika popote. Hakuliandika kwenye Mfumo, hakulitaja kwa mtu. Alikuwa amebuni majina kwa hasira, akaandika uongo mtupu, na uongo wake ulikuwa umekwenda moja kwa moja ukawakuta wamekaa wanakula. Akageuka, akamtafuta Ndimbo kwa macho. Miaka kumi na moja. Akaona aibu mpaka kwenye nyayo.

Akasimama.

"Mheshimiwa, samahani. Vijiko vyangu kumi na viwili viko wapi?"

Waziri akatabasamu. Swali hili alikuwa na jibu lake, hakuhitaji kulitafuta.

"Viko mbioni, mama."

Watu wengine walipiga makofi kwa mazoea. Bi Siwatu hakukaa. Akangoja makofi yaishe.

"Basi mimi nitavisubiri, nimezoea. Ila viti sikukodisha. Mliokalia viti vyangu, naomba mnisaidie kusimama."

Katika Jamhuri ya Mbioni watu waliwahi kuombwa wakae, wasubiri, wajaze, wapange foleni. Hawakuwahi kuombwa hivyo. Wa kwanza kusimama alikuwa Mzee Shomvi. Akachukua kiti chake, akakipachika juu ya kile cha mkwe wake, akaja navyo viwili mpaka mbele ya Bi Siwatu.

"Kesho," akasema, "hivi viti bado vina nafasi? Na masufuria. Wakwe wamejua nani alikula humo."

Chande akasimama na chake. Wa vitenge akasimama. Kisha safu nzima, na safu ya nyuma yake, na plastiki ikawa inagongana uwanja mzima. Bi Siwatu alikwenda mpaka kwa Ndimbo, akamrudishia ufunguo wake mkononi mbele ya watu, akamwambia nisamehe, nilikosea. Ndimbo akautia mfukoni, akasema mkokoteni hautatosha mara moja, itabidi waende mara tatu. Wakaanza kupakia. Cha mwisho kilikuwa jukwaani, Waziri amekikalia, na Bi Siwatu akapanda kukifuata mwenyewe. Akasubiri kwa adabu, mikono mbele, mpaka Waziri akainuka.

Mkutano uliendelea kwa dakika nyingine arobaini, Waziri na Magesa wakihutubia uwanja wa vumbi. Jioni hiyo taarifa ya habari ilisema kwamba wananchi wa Mtaa wa Mnada, wakiguswa na hotuba ya Mheshimiwa, walisimama wote kwa pamoja.

Bi Siwatu hakuisikia. Alikuwa stooni na kufuli jipya, lenye funguo mbili, mmoja kiunoni mwake na mwingine mfukoni mwa Ndimbo, na daftari jeusi limefunguliwa mapajani. Aliandika: Shomvi, harusi, uso wa mwenye shughuli. Mstari wa chini yake akaandika: Waziri. Kwenye sehemu ya shughuli alifikiri kidogo, halafu akaiacha wazi.